Shajara ya bwawa la mchanga katika kijiji cha mpakani, Amudat

14 Novemba 2023. Tunapoanzia

Shajara hii ni kwa yeyote anayeishi kando ya kijito cha msimu na anataka maji yasikimbie yote. Gharama zote nitaziandika kwa shilingi za Uganda, na kila hatua ikimalizika nitaongeza.

Kijiji chetu kiko upande wa Loroo, Wilaya ya Amudat. Ukitoka alfajiri kwa miguu, kabla ya jua la utosi umeshafika mpaka wa Kenya. Sisi ni Wapokot, na ndugu zetu wako pande zote mbili. Karasuk, iliyo ng'ambo, ilisimamiwa kutoka Uganda tangu 1932 hadi 1970, kwa hiyo wazee wetu walikua wakijua malisho na mito kabla ya kujua mpaka. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilibebwa lote, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki. Mimi nilikuwa na miaka tisa kijiji chetu kilipohama, 1999. Mama alituvusha hadi upande wa Kacheliba, Kenya, kwa tilya wa baba, yaani rafiki aliyebadilishana naye ng'ombe. Tulikaa huko miaka kumi na miwili.

Serikali ilianza kukusanya silaha Desemba 2001, ikarudia 2006, na familia zetu zikaanza kurudi 2011. Maboma ya zamani tuliyatambua kwa miti: vigingi vya zizi vilikuwa vimechipua, vikasimama duara kama watu wanaosubiri. Mwaka 2019 wizi ulirudi. Tangu Julai 2021, katika operesheni ya jeshi iitwayo Usalama Kwa Wote, bunduki zimekusanywa tena, na vijana wetu wanachunga kwa fimbo.

Tatizo letu ni la Desemba hadi Machi. Kijito hukauka, na mifugo hupelekwa kilomita 11 hadi mto Kanyangareng, kuchimbiwa visima mchangani. Huko makundi yote hukutana: yetu, ya Wapian, ambao ni tawi la Wakarimojong, ya jamaa kutoka Kenya. Ugomvi mwingi niliousikia tangu utoto ulianzia kwenye foleni ya kunywesha. Kokwo, baraza letu la wazee, lilikaa siku mbili chini ya mti na kukata shauri: maji yatafutwe nyumbani.

Tumechagua bwawa la mchanga. Ni ukuta unaokatiza kijito, uliokaa juu ya mwamba. Mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hubaki ndani ya mchanga. Jua haliyafikii, ng'ombe hakanyagi wala kunyea ndani, mbu hawazai. Pampu yetu ya kisima kirefu imekufa mara tatu na kila mara vipuri vimechukua miezi. Ukuta wa mawe hauna kipuri.

11 Januari 2024. Mbuzi, na kosa la kwanza la fedha

Kila boma lilitoa mbuzi mmoja. Maboma ni 24. Tulihesabu mbuzi kwa 150,000, ile bei ya Septemba, tukategemea 3,600,000. Tuliwapeleka sokoni wiki ya kwanza ya Januari. Januari mbuzi amekonda, na kila mfugaji anauza ili alipe karo na kununua unga. Wastani ulikuwa 95,000. Tulipata 2,280,000.

Kikundi cha akiba cha akina mama kilitukopesha 900,000. Mwenyekiti wao aliuliza swali moja tu: bwawa litakuwa wapi? Tukamjibu kwamba fundi ndiye atakayeamua. Alinyamaza, akahesabu fedha, akatukabidhi. Leo ningemwuliza kwa nini alinyamaza.

Anayetaka kufuata njia hii auze mifugo Septemba, ikiwa na mafuta, kisha aweke fedha akisubiri ukame wa kujengea.

30 Januari 2024. Msingi uliopotea

Fundi ametoka Kapchorwa. Amejenga kuta za namna hii mara kadhaa, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho. Kabla hajafika, sisi wenyewe tulikuwa tumechagua mahali: karibu na njia, kijito kikiwa kimebanwa na kingo mbili. Watu kumi walichimba siku sita. Tulifika mita 2.5 bila kuona mwamba, mchanga ukawa unaporomoka pembeni. Fundi alipokuja alichukua chuma kirefu, akakipigilia mchangani kila baada ya hatua tano, akipanda na kijito. Kazi hiyo ilimchukua nusu siku. Alipata mwamba kwa kina cha mita moja kwenye kona ya kijito, mita 600 juu zaidi. Siku zetu sita zilikwenda na 140,000 za posho na maharagwe.

Pima kwa chuma kwanza. Nondo ya milimita 16 yenye ncha inatosha, na sikio lako litajifunza tofauti ya jiwe lililolala peke yake na mwamba.

23 Machi 2024. Ukuta umesimama

Kuchimba hadi mwamba, kuusugua kwa brashi ya waya, kutoboa na kusimika nondo, kujenga kwa mawe: siku kumi na sita za fundi. Ukuta una urefu wa mita 9 na unene wa sentimita 90, na juu ya mchanga wa kijito umeinuka mita moja. Kila upande una bawa la mita 2 lililoingia kwenye ukingo. Mawe, mchanga na maji vilibebwa na wanakijiji, maji yakiwa mgongoni mwa punda.

Hatukuinua ukuta wote mwaka huu, kwa makusudi. Ukijenga mrefu kwa mara moja, maji hutulia sana nyuma yake na tope laini hushuka kabla ya mchanga. Tope halitoi maji. Ukiinua kidogo kidogo, mafuriko hupitisha tope juu ya ukuta na kuacha mchanga mzito.

Saruji mifuko 44 kwa 40,000 ni 1,760,000. Lori 350,000. Nondo nane 336,000. Fundi 480,000. Chakula 210,000. Ukiongeza zile 140,000 za msingi uliopotea, jumla ni 3,276,000. Tulikuwa na 3,180,000, kwa hiyo tunadaiwa dukani 96,000.

Jambo moja si la ujenzi, lakini siwezi kuliacha. Siku ya nne, wakati wa chakula, fundi alisema kwamba babu yake alikuwa na ng'ombe katika uwanda wa Ngenge, chini ya mlima Elgon. Wasabiny wengi, watu wa kabila lake, walifukuzwa huko na wezi wa mifugo, wakapanda mlimani, wengine wakaingia Kenya. Akasema wazi kwamba wezi hao walikuwa Wakarimojong, na pia sisi Wapokot. Watu kumi na wawili walikuwa na sahani mkononi. Mzee mmoja aliweka sahani yake chini, akasema, "Ni kweli. Na mimi nilikuwa kijana wakati huo." Hakuongeza neno. Jioni alikuja kwa fundi na kibuyu cha maziwa. Kazi iliendelea kesho yake, na fundi hakuondoka hadi jiwe la mwisho.

22 Aprili 2024. Mafuriko yameuzunguka ukuta

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku. Asubuhi ukuta ulikuwa mzima bila ufa, na maji yalikuwa yanapita kando yake. Upande wa kushoto ukingo ni wa udongo mwekundu, laini. Maji yalipanda, yakapata mwisho wa bawa, yakakata njia mpya yenye upana wa mita mbili. Mchanga wote uliokuwa umeanza kujaa ulitoka na maji hayo.

Nilikaa pale nikiwafikiria mbuzi 24.

Fundi, kwa simu, aliuliza mambo mawili: bawa la kushoto lina urefu gani, na katikati ya ukuta pako chini kuliko pembeni kwa kiasi gani? Bawa ni mita 2 kwa sababu tulibana saruji. Katikati pako chini kwa sentimita 15 tu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ukuta wenye pengo ungeonekana haujakamilika. Makosa yote mawili ni yetu. Yeye alikuwa ametushauri vingine. Mafuriko lazima yapewe mlango katikati ya ukuta, tena mlango mkubwa kuliko unavyodhani, la sivyo yatajitafutia pembeni.

19 Juni 2024. Ukarabati

Juni mvua hupumzika kidogo, tukatumia nafasi hiyo. Magunia 40 ya mchanga yaliziba njia mpya. Mabawa yote mawili yameongezwa mita 3, sasa kila moja ni mita 5, na la kushoto limepindwa kuelekea juu ya kijito ili maji yaliyopanda yarudishwe katikati. Pembeni mwa ukuta tumeongeza safu ya mawe, hivyo mlango wa katikati una kina cha sentimita 45. Nyuma ya bawa tumepanda matete na mkonge pori.

Saruji mifuko 14, 560,000. Fundi siku sita, 180,000. Magunia 40,000. Jumla 780,000. Yule mzee wa sahani alitoa dume dogo, likauzwa 1,050,000. Tulilipa deni la duka, na 174,000 zilizobaki zikarudi kwa akina mama.

8 Oktoba 2024. Mchanga umejaa

Mafuriko manne makubwa yamepita mlangoni. Mchanga umejaa hadi ukingo wa ukuta, na umerudi nyuma karibu mita 120. Tulichimba mashimo matatu ya majaribio: mchanga mzito, tope kidogo sana. Kwa upana wa mita 8 na kina cha wastani cha sentimita 70, ni kama mita za ujazo 670 za mchanga, na karibu theluthi ya hizo ni maji yanayoweza kuchoteka. Lita 200,000 hivi.

Mbuzi 14 wameuzwa Septemba kwa wastani wa 150,000. Tuna 2,100,000 za kuinua ukuta nusu mita ukame huu.

17 Desemba 2024. Maji yapo, ng'ombe hawaji

Hii ndiyo sehemu ninayotaka isomwe polepole.

Tangu mwisho wa Novemba akina mama wanachota hapo kila asubuhi, maji safi, kwenye kisima cha kina cha mkono. Lakini wachungaji bado wanatembea kilomita 11 hadi Kanyangareng. Nilidhani ni mazoea. Nikadhani ni uvivu wa kuchimba. Niliitisha mkutano na kuwasema vijana vibaya, nikawataja mbuzi wa wazazi wao. Walitazama chini. Hakuna aliyejibu.

Jioni yule mzee wa sahani aliniita tutembee. Alinipeleka hadi kwenye kona, akanisimamisha juu ya mchanga, akasema nichuchumae kama ninayenywesha. Nikachuchumaa. "Unaona nini?" Niliona kingo mbili na vichaka vya miiba juu yake. "Mwanangu, ng'ombe akiinamisha kichwa kunywa, mchungaji naye ameinamisha kichwa." Kisha akaniambia kwamba mwaka tuliohama, wachungaji wetu walivamiwa papo hapo, ndani ya kona hiyo, wakichota. Hakutaja majina yao, na kwetu sisi marehemu hatajwi ovyo. Ndiyo maana halikusemwa katika kokwo, wala mbele ya fundi mgeni. Watu walidhani najua. Mimi nilikuwa mtoto, nikavushwa usiku, nikakua ng'ambo.

Ndipo nilipoelewa ukimya wa mwenyekiti wa akina mama siku ile. Nilimwendea. Alisema wanawake huenda kwenye kona kwa kundi, asubuhi, wakiongea kwa sauti, kwa hiyo wao wameweza. Mchungaji yuko peke yake na ng'ombe arobaini wenye kiu.

Tulichagua mahali kwa kuuliza mwamba uko wapi. Swali hilo lilikuwa sahihi lakini halikutosha. Katika kijiji kilichowahi kuhama, kila mahali pa maji pana historia, na mfugaji hunywesha pale anapoweza kuona vumbi la mgeni kabla mgeni hajafika. Kabla hujachimba, tembea na wazee wachache kando ya kijito, mmoja mmoja, si mkutanoni, na uwaulize wapi hawapiti na ng'ombe.

4 Februari 2025. Kuyatoa maji kwenye kona

Ukuta hauwezi kuhamishwa. Maji yanaweza. Mita 300 chini ya kona kuna uwanda mweupe wa changarawe, hauna kichaka, unaona hadi vilima. Tumeamua kupeleka maji huko kwa bomba na kujenga birika la kunyweshea. Fedha ni ile ya kuinua ukuta. Kuinua kutasubiri.

Kwa macho niliona mteremko ni mkubwa. Fundi alichukua mpira mwembamba uliojaa maji, tukapima hatua kwa hatua: mita 2.5 tu kutoka tundu la ukuta hadi ukingo wa birika. Yanatosha, lakini birika lilibidi lishushwe, sentimita 40 ziko chini ya ardhi.

Kutoboa ukuta kwa patasi kulichukua siku tatu, na kila pigo nililisikia tumboni. Bomba la kutokea lingewekwa siku ya kwanza ya ujenzi lingetugharimu kipande cha chuma na nusu saa. Weka bomba, hata kama huna mpango nalo, ulizibe kwa kifuniko.

Roli tatu za bomba la plastiki la milimita 40, mita 100 kila moja, 1,050,000. Valvu na viungo 185,000. Saruji ya birika mifuko 9 kwa 41,000, ni 369,000. Fundi siku saba, 210,000. Jumla 1,814,000.

21 Februari 2025. Chujio limeziba

Maji yalitoka siku tisa, kisha yakawa uzi, kisha yakakoma. Ndani ya mchanga tulikuwa tumelaza mita 3 za bomba lenye matundu ya msumari wa moto, tukalivika gunia la sukari ili mchanga usiingie. Gunia lilikamata tope laini hadi likawa kama ngozi.

Tulifukua yote. Safari hii hakuna kitambaa. Bomba limekatwa mianya myembamba kwa msumeno wa chuma, kila baada ya sentimita mbili, upande wa chini. Kulizunguka kuna kokoto za ukubwa wa yai, kisha kokoto za ukubwa wa punje ya mahindi, kisha mchanga mzito, kila tabaka unene wa kiganja. Gharama 60,000, na siku mbili za watu wanane. Tangu hapo maji hayajapungua: dumu la lita 20 linajaa kwa sekunde 70. Birika la lita 1,500 linajaa kwa karibu saa moja na nusu.

Wachungaji wadogo walikata bomba mahali palipokuwa wazi ili wanywe. Hatukumchapa mtoto. Tumelifukia sentimita 60, na katikati ya njia tumeweka koki ya kunywea. Halijakatwa tena.

16 Machi 2025. Wageni kwenye birika

Kundi la kwanza lisilo letu lilikuja Jumatatu, vijana watatu wa Wapian na ng'ombe kama sitini. Walisimama mbali, mahali wanapoonekana. Kijana wetu aliyekuwa zamu alitembea hadi kwao na kuwasalimu kwa Kiswahili. Walisema wameona ng'ombe wetu hawapiti tena njia ya Kanyangareng, wakauliza kama maji ni ya kununua.

Kokwo lilikutana usiku. Hesabu niliyowasomea ni hii: ng'ombe wetu ni kama 200, kila mmoja lita 30 siku za joto, ni lita 6,000 kwa siku. Bwawa likijaa ni siku 33, bila kumhesabu mbuzi wala binadamu. Ukame ni miezi minne. Kwa hiyo hata sisi wenyewe hatuwezi kuishi kwa bwawa hili peke yake. Wengine walisema basi tuwafunge wageni. Mzee wa sahani alisema wavamizi anaowajua yeye ni watu waliofungiwa maji.

Yaliyokubaliwa: asubuhi ni ya watu na ndama. Ng'ombe wetu wazima wananywa siku mbili, ya tatu wanakwenda Kanyangareng. Mgeni anayepita ananyweshwa mara moja, mchana, bila malipo, akiwa na fimbo. Mwenye bunduki hanyweshi, awe mgeni au wetu. Visima vya mchanga kwenye kona vikifika kina cha mkono mzima na kiwiko, valvu inafungwa na yanayobaki ni ya kunywa nyumbani. Ufunguo wa valvu uko kwa akina mama.

Wapian walirudi mara mbili. Mara ya pili walileta mzigo wa kuni.

29 Agosti 2025. Hali ilivyo

Jumla hadi leo ni 5,930,000, bila kuhesabu mawe, mchanga na migongo ya watu. Akina mama wamelipwa 400,000 kati ya 900,000. Mvua za mwaka huu zimepita mlangoni na mabawa hayajaguswa. Matete ya kushoto yamefika kiunoni. Ndani ya birika saruji imechubuka mahali ambapo ng'ombe hugonga kwa pembe, tutapiga lipu upya kabla ya Novemba.

Mbuzi kumi na wawili watakwenda sokoni wiki ijayo. Fedha ya kwanza ni ya akina mama, inayobaki ni ya kuinua ukuta nusu mita mwezi wa Januari. Fundi amesema atakuja, na safari hii analeta mtoto wake wa kiume ajifunze kazi.